Watoto wa Kamina wanaimba Kijapani: tusiwalaumu, tuwatungie

Mdogo wangu ana miaka tisa. Jioni moja mwezi uliopita alikuwa anaosha sahani nyuma ya nyumba huku akiimba kwa sauti kubwa. Hakuwa anaimba wimbo wa kanisani, wala rumba ya Kinshasa inayopigwa kutwa kwenye kioski cha jirani. Alikuwa anaimba Kijapani: wimbo wa ufunguzi wa katuni ya Dragon Ball Z, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kambo yetu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akamuuliza kwa Kiluba wimbo huo unasema nini. Mtoto akamjibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Siyue, kambo. Minajua tu kuimba.”

Kambo akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto aliulizwa kwa Kiluba akajibu kwa Kiswahili, kama afanyavyo siku zote. Kiluba anakisikia, lakini hakisemi. Pili, Kijapani chake kilikuwa safi. Nilichukua karatasi, nikamwomba arudie polepole, nikaandika silabi baada ya silabi, kisha nikalinganisha na wimbo wenyewe kwenye simu. Makosa yalikuwa machache kuliko nilivyotazamia. Mtoto huyu hajawahi kuona mwalimu wa Kijapani, na Kamina hii hatuna hata mmoja. Mwalimu wake ni kadi ya memori, ile tunayojaziwa filamu kioskini kwa bei ndogo, na jirani mwenye sola na skrini.

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunafanyaje na jambo kama hili? Majibu ya haraka nimeshayasikia. Kuna wanaosema kwamba nyimbo za kigeni zinaua lugha za mababu, kwa hiyo wazazi wazime skrini. Kuna wahubiri wanaosema kwamba katuni hizo zina pepo. Na kuna wenzangu wanaosema kwamba mambo ya katuni ni ya watoto, isimu ina kazi nyingine. Sikubaliani na wote watatu. Maoni yangu ni haya: wimbo wa Kijapani haukuiba nafasi ya Kiluba kinywani mwa mdogo wangu. Uliikuta nafasi hiyo ikiwa tupu. Na wa kuijaza ni sisi.

Mwimbaji mwenyewe ni nani

Kabla ya kuhukumu wimbo, tumjue mwenye sauti. Anaitwa Hironobu Kageyama, alizaliwa Osaka mwaka 1961. Aliingia katika muziki mwaka 1977 akiwa na miaka kumi na sita, katika kundi la vijana lililoitwa Lazy. Kundi likavunjika, na miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwake. Mwaka 1985 akaimba wimbo wa mchezo wa televisheni wa watoto uitwao Changeman, na kwenye jalada hakuandika hata jina lake kamili, aliandika KAGE tu. Mwaka 1988 akaimba wimbo wa Saint Seiya, katuni ambayo kaka zetu wanaijua kwa jina la Kifaransa, Les Chevaliers du Zodiaque. Mwaka 1989 ukaja wimbo ambao mdogo wangu anauimba akiosha sahani, “Cha-La Head-Cha-La”. Ulifungua vipindi 199 vya kwanza vya Dragon Ball Z, na vilivyobaki, hadi katuni ilipokwisha mwaka 1996, vikafunguliwa na wimbo mwingine wa mwimbaji huyohuyo. Leo amepita miaka sitini na bado anapanda jukwaani.

Mbele yake alikuwepo mkubwa wake, Ichiro Mizuki, aliyeimba wimbo wa Mazinger Z mwaka 1972. Mashabiki walimwita kwa neno la Kijapani lenye maana ya kaka mkubwa. Mizuki aliimba mpaka siku za mwisho. Alifariki Desemba 2022, na mwezi wa Novemba alikuwa bado ameimba mbele ya watu. Mwaka 2000 yeye na Kageyama, pamoja na wengine, walianzisha kundi la waimbaji wa nyimbo za katuni liitwalo JAM Project. Maana yake ni kwamba kule Japani kuimba nyimbo za watoto ni kazi ya mtu mzima, kazi ya maisha, yenye wakubwa na wadogo na heshima kati yao. Nalisema hili mapema kwa sababu nitalirudia: kwetu hapa tunadhani wimbo wa mtoto ni kitu cha kupitisha wakati.

Kwa nini Kijapani kinaingia kinywani upesi

Sasa tuje kwenye isimu. Kaka zetu waliokua miaka ya 1990 waliimba nyimbo za katuni hizohizo kwa Kifaransa. Televisheni ya Ufaransa ilikuwa ikitupa nyimbo za Kijapani na kutunga zake. Saint Seiya ilipata wimbo wa Bernard Minet, Dragon Ball Z ikapata wimbo wa Ariane. Ni nyimbo nyingine kabisa, maneno mengine na mahadhi mengine. Baadaye, filamu zilipoanza kusambaa kwa diski na kwa intaneti, wimbo wa asili ukarudi mahali pake. Ndiyo sababu katika nyumba moja kaka mwenye miaka thelathini na tano anaimba Minet kwa Kifaransa na mtoto wa miaka tisa anaimba Kageyama kwa Kijapani, na katuni ni ileile.

Mwombe mtoto wa Kamina ambaye Kifaransa bado hajakishika aimbe ule wa Kifaransa. Utasikia “shevalie di zodiake”. Irabu ya Kifaransa katika neno du haimo katika lugha zetu, kwa hiyo inakuwa i. Neno linaloishia na konsonanti linaongezewa irabu. Konsonanti zikifuatana, moja inapotea. Hilo halina aibu. Ni sheria za kinywa kilicholelewa na lugha za Kibantu.

Kijapani hakimlazimishi mtoto kupigana vita hivyo. Irabu zake ni tano, a, i, u, e, o, kama za Kiswahili na kama za Kiluba. Silabi zake karibu zote zinaishia na irabu. Ile n inayosimama peke yake, mtoto anayesema “nne” au “mtu” kwa Kiswahili ameshazoea nazali inayojitegemea. Kijapani hakitenganishi r na l. Kiluba nacho kina l bila r, na katika Kiswahili cha mitaani kwetu hizo mbili zinabadilishana viti kila siku. Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Katika Ciluba cha Kasai, lugha ndugu ya Kiluba chetu, t ikifika mbele ya i inageuka na kutamkwa ch, na s mbele ya i inakuwa sh. Fungua jedwali la silabi za Kijapani: ta, chi, tsu, te, to, sa, shi, su, se, so. Hakuna ti, hakuna si. Sheria ni ileile, imetokea mara mbili, katika pande mbili za dunia.

Msije mkaniandikia kwamba Wajapani ni Wabantu. Sisemi hivyo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kufanana kwa sauti hakuthibitishi undugu. Nasema tu kwamba mlango wa kinywa cha mtoto ulikuwa wazi.

Hata maneno ya kukopa yanatendewa sawa. Kijapani kikichukua “robot” kinasema robotto. Kiswahili kinasema roboti. Herufi Z, ambayo Mizuki aliipaaza katika wimbo wa Mazinger mpaka ikawa alama yake, kwa Kijapani ni zetto. Na lile jina la wimbo wa Kageyama, lililoandikwa kama Kiingereza chenye kichwa ndani yake, linaficha neno la Kijapani cha kawaida kabisa, hetchara, ambalo maana yake ni kama tunavyosema sisi “haina neno, si kitu”. Nilipomweleza mdogo wangu hivyo alifurahi sana. Siku mbili nzima kila alichotumwa alijibu “hetchara”, mpaka mama akamwambia basi.

Tena kuna tanakali za sauti. Kijapani kimejaa maneno ya namna hii: moyo unaodunda ni doki-doki, kitu kinachong’aa ni kira-kira, radi inayonguruma ni goro-goro. Nyimbo za katuni zinayatumia kwa wingi kwa sababu mtoto anayapenda. Mfaransa akitafsiri anabaki mikono mitupu, maana lugha yake inayaona maneno hayo kuwa ya kitoto na ina machache. Sisi je? Tuna “metameta” kwa kira-kira, neno lililojirudia vilevile. Tuna mweupe pe, mweusi tii, mwekundu pyu, giza totoro, kuanguka chubwi. Kiluba nacho kina utajiri wake wa maneno ya aina hiyo, na wazee wakisimulia hadithi jioni ndiyo yanayowashika watoto. Kwa kazi ya kumtungia mtoto wimbo wa shujaa anayeruka na kupiga, lugha zetu zina vifaa ambavyo Kifaransa hakina.

Kosa si la wimbo

Hapa ndipo wenzangu wanaolinda lugha wananikatiza. Wanasema: kama mtoto anaimba asichoelewa, si hasara hiyo? Anapoteza dakika, anapoteza kumbukumbu, na Kiluba kinazidi kufa.

Hasara ipo, lakini tuihesabu vizuri. Wimbo wa ufunguzi wa katuni unachukua kama dakika moja na nusu. Dakika hiyo na nusu haiwezi kuua lugha iliyojengewa utawala wa kifalme na iliyohifadhi habari zake kwenye vibao vya lukasa. Kinachopunguza Kiluba nyumbani kwetu ni mambo tunayoyajua na ambayo hatuyatungii sheria: wazazi wanaodhani kwamba mtoto akisema Kiluba Kifaransa chake kitaharibika, shule ambako kutoka madarasa ya juu kila kitu ni Kifaransa, na Katiba ya 2006 inayotaja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Ciluba, ambamo Kiluba cha Katanga hakimo. Watu wa mbali wanadhani kwamba Ciluba na Kiluba ni kitu kimoja kwa sababu majina yanafanana. Sisi wa Haut-Lomami tunajua tofauti, lakini hatujawaandikia watoto wetu kitu cha kuwaonyesha tofauti hiyo.

Ndani ya nyumba yetu nilihesabu. Je, kuna wimbo mmoja wa Kiluba uliotungwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa wa leo, uliorekodiwa, unaopatikana kioskini na kuingia kwenye kadi ya memori? Sikuupata. Kuna nyimbo za kanisa, na ni nzuri. Kuna nyimbo za matanga na za arusi. Kuna michezo ya kuruka kamba ambayo mama yangu anaikumbuka nusu. Kwa shujaa, kwa vita, kwa safari, kwa kile kinachomfanya mvulana wa miaka tisa asimame juu ya ndoo na kunyosha mkono, hakuna. Kiluba hakikushindwa katika mashindano haya, kwa sababu hatukukiingiza uwanjani.

Kamina iliwahi kuimba maneno ya wengine

Tulipokuwa tukizungumza hivyo siku ile, kambo alisema neno ambalo limeniongoza kuandika makala haya. Alisema: “Na sisi tuliimba hatujui. Kyrie maana yake nini? Tuliimba tu.” Anakumbuka misa za utoto wake, wakati ibada ilikuwa kwa Kilatini. Sikumwambia kwamba Kyrie si Kilatini bali ni Kigiriki. Ingeongeza tu hoja yake.

Lakini neno lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo mji huu umelisahau, na dunia bado inalikumbuka. Mwaka 1954 padri Mbelgiji, Guido Haazen, Mfransisko, alianzisha hapa Kamina kwaya ya watoto wa shule na walimu wao. Wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya, na mwaka huohuo ikarekodiwa kazi yao kubwa, Missa Luba. Maneno yake ni ya misa ya Kilatini. Mahadhi ni ya kwetu, mengine yalitoka upande wa Kasai, na ngoma ni zetu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, Sanctus yao ikasikika katika filamu ya Kiingereza, If...., ya Lindsay Anderson, na vijana wa Ulaya wasioijua Kamina kwenye ramani wakaenda kununua sahani yake.

Fikirini tofauti. Watoto wa Kamina wa 1958 waliimba maneno wasiyoyaelewa kwa mahadhi yaliyokuwa yao. Watoto wa Kamina wa leo wanaimba maneno wasiyoyaelewa kwa mahadhi yasiyo yao. Nusu iliyokuwa yetu imetoka. Sisemi tuirudie misa ile. Ina maswali yake, na mojawapo ni kwa nini jina la padri linajulikana na majina mengi ya walimu na watoto waliotoa nyimbo hayajulikani sana. Nasema kwamba Kamina ina historia ya kuketi na watoto, kuchukua kitu cha mbali na kukifanya kiwe cha hapa, mpaka wa mbali wakakitamani. Tusijifanye kwamba jambo hili liko juu ya uwezo wetu.

Wengine pia walifanya. Grendizer, roboti ambayo Wafaransa waliiita Goldorak na kuionyesha tangu Julai 1978, kule Japani iliimbwa na Isao Sasaki. Wafaransa walitunga nyimbo zao. Huko Lebanoni Sami Clark aliimba kwa Kiarabu, na mpaka kifo chake mwaka 2022 Waarabu wa rika lile walimhesabu kuwa sauti ya utoto wao. Karibu na sisi, Dar es Salaam, kundi la Ubongo limekuwa likitengeneza tangu 2014 katuni za watoto zenye nyimbo za Kiswahili. Watoto wanaimba hesabu. Na katika nchi yetu wenyewe, Jean-Michel Kibushi alitengeneza mwaka 1991 katuni fupi kutokana na hadithi ya Watetela, ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Njia imeshakanyagwa.

Toni: mahali ambapo isimu inahitajika

Mwenzangu mmoja aliniambia: “Basi rahisi. Chukua wimbo wa Kageyama, weka maneno ya Kiluba.” Hapana, na hapa ndipo kitivo chetu kinapokuwa na kazi ambayo wengine hawawezi kuifanya.

Kiluba ni lugha ya toni. Silabi ya juu na silabi ya chini zinatenganisha maneno, zinatenganisha hata nyakati za kitenzi. Irabu ndefu na fupi nazo zinatenganisha maana. Ukichukua mahadhi yaliyotungwa kwa lugha nyingine na kuyamwagia maneno ya Kiluba, mahadhi yatapanda mahali ambapo neno linashuka. Msikilizaji anaweza kusikia neno jingine, au asisikie neno lolote. Tunalijua jambo hili kanisani: kuna nyimbo za Ulaya zilizotafsiriwa, ambazo mtu anazielewa kwa sababu amezikariri, siyo kwa sababu anazisikia. Ndiyo maana Missa Luba iliwezekana kwa urahisi: Kilatini hakina toni za maneno, mahadhi yetu yangeweza kukibeba popote bila kukivunja. Kinyume chake ni kigumu.

Wajapani wenyewe wana tatizo la jamaa na hili. Lugha yao ina lafudhi ya kupanda na kushuka: hashi ikianza juu na kushuka ni vijiti vya kulia chakula, ikianza chini na kupanda ni daraja, kwa matamshi ya Tokyo. Mtunzi Kosaku Yamada, aliyetunga mahadhi ya wimbo wa watoto uitwao “Akatombo” mwaka 1927, alishikilia kwamba mahadhi yafuate kupanda na kushuka kwa neno lenyewe. Watunzi wa nyimbo za katuni waliokuja baadaye hawabanwi sana na kanuni hiyo, na Kijapani kinavumilia kwa sababu maneno machache tu yanategemea lafudhi peke yake. Kiluba hakina uvumilivu mwingi hivyo.

Kwa hiyo wimbo wa shujaa kwa Kiluba lazima utungwe ndani ya Kiluba: maneno kwanza, yasemwe kwa sauti na mtu anayekijua vizuri, toni zake ziandikwe, na mahadhi yatoke humo. Waimbaji wetu wa zamani hawakusoma isimu na walifanya hivyo kwa sikio. Sisi tuna masikio dhaifu zaidi, lakini tuna kalamu, tuna simu za kurekodi, tuna kamusi ya Van Avermaet na Mbuya ya 1954, na tuna wazee ambao bado wako hai. Miaka kumi na tano kutoka leo kamusi itakuwepo. Wazee sijui.

Kuhusu shujaa, hatuna haja ya kumwomba mtu. Nkongolo Mwamba, mfalme mkatili. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyekuja kutoka mashariki. Mwanawe Kalala Ilunga, aliyekulia upande wa mama, akamshinda mjomba na kuwa mfalme. Ina mgeni wa ajabu, ina mtoto mwenye nguvu asiyejulikana baba yake alikokwenda, ina mtego na ina vita. Mdogo wangu nilimsimulia kwa Kiswahili usiku mmoja umeme ulipokatika. Aliniuliza swali moja tu: “Na wimbo wake ni gani?” Katika akili yake shujaa asiye na wimbo wa kufungulia hajakamilika. Wambudye, waliolinda kumbukumbu za wafalme wa Kiluba kwa lukasa na kwa nyimbo, wangemwelewa mtoto huyu kuliko sisi.

Ninachopendekeza

Siombi studio ya katuni. Najua hali ya umeme wetu na najua hali ya mifuko yetu. Naomba jambo dogo linaloweza kufanyika katika mwaka mmoja wa masomo.

La kwanza, semina moja ya fonolojia ichukue wimbo kuwa zoezi. Badala ya kila mwanafunzi kuandika upya jedwali la konsonanti lililo kitabuni, wanafunzi watano wakae na mzee mmoja, watunge maneno ya dakika moja na nusu kuhusu Kalala Ilunga, waandike toni za kila silabi, kisha watafute mwimbaji wa kwaya anayejua kutunga mahadhi. Mahali ambapo mahadhi na toni vinagombana, waandike kwa nini na walivyosuluhisha. Hiyo ni kazi ya utafiti halali, na mwishoni wanabaki na wimbo.

La pili, wimbo huo urekodiwe kwa simu nzuri na upelekwe kioskini bure. Usiishie kwenye kabati la maktaba. Watoto wenyewe watatuambia kama ni mzuri. Wasipouimba tumeshindwa, na tutatunga mwingine.

La tatu, tukusanye kwanza. Kila mwanafunzi anayekwenda likizo Bukama, Kabongo, Kaniama, Malemba-Nkulu au anayebaki hapa Kamina arudi na wimbo mmoja wa watoto kutoka kwa mtu mwenye zaidi ya miaka sitini, pamoja na jina la aliyeuimba, kwa ruhusa yake. Safari hii majina yasipotee.

Kuna atakayesema kwamba wimbo mmoja hauokoi lugha. Ni kweli. Lakini nirudi kwa Kageyama. Yeye hakutumwa kuokoa Kijapani. Alikuwa mwimbaji aliyepewa kazi ambayo wengi waliiona ndogo, kazi ya watoto, akaifanya kwa pumzi yake yote. Matokeo yake, mtoto ambaye hatafika Osaka anatamka lugha ya Osaka kwa usahihi akiwa na povu la sabuni mikononi, hapa Kamina. Kama pumzi moja ya mtu mmoja imefika mbali hivyo, mimi nataka kujua yetu ingefika wapi, hata kama ni hadi nyumba ya pili tu.

Mimi nimeanza. Kambo amenipa mistari minne ya Kiluba, na tumegombana juu ya toni ya neno moja kwa siku tatu; yeye ndiye aliyeshinda. Mdogo wangu ameshika mistari miwili. Mstari wa tatu anasema ni mgumu, na kambo anasema mgumu ni yeye. Anayetaka kusaidia na mahadhi anijie baada ya somo la alasiri.